Je, jua la Pwani linaweza kula plastiki ya Chaani?

Ukiwa mtu wa kukesha kwenye simu, lazima umekutana na video hizi. Jamaa wa koti jeupe anatia unga kwenye glasi ya maji, taa inawashwa, kisha maandishi yanakuambia kwamba plastiki ya baharini imepata dawa. Watu wanasambaza, wanatia emoji za moto, kesho yake kila mtu amesahau.

Sayansi iliyo nyuma ya video hizo si uongo. Ina zaidi ya miaka 50. Ila kati ya glasi ya maabara na hori la Port Reitz kuna safari ndefu, na wakazi wa Chaani ndio wanaoishi mwisho wa safari hiyo. Kwa hivyo hebu tuipime bila ushabiki. Hii dawa inafanya kazi vipi? Imefika wapi? Na ikiletwa Mombasa leo, ingefaa iwekwe wapi?

Plastiki isiyookoteka

Maikroplastiki ni vipande vya plastiki vilivyo chini ya milimita 5. Jina hilo lilishika kasi mwaka wa 2004, mwanasayansi Richard Thompson wa Plymouth, Uingereza, alipochapisha matokeo yake kwenye jarida la Science. Vingine ni vidogo hata macho hayavioni. Chupa ya soda unaweza kuiokota siku ya kusafisha mtaa. Hivi huokoti.

Na si habari ya Ulaya pekee. Mwaka wa 2018 watafiti wa taasisi ya utafiti wa bahari na uvuvi nchini, KMFRI, yenye makao yake hapa Mombasa, walichapisha ushahidi kwamba wadudu wadogo wa baharini katika maji ya Kenya wanameza maikroplastiki. Hata samaki wachanga walikutwa nazo. Umbo lililotawala lilikuwa nyuzinyuzi, si vipande vya chupa wala mifuko. Miaka miwili baadaye, utafiti mwingine ukachapishwa kuhusu maji ya juu katika mahori matatu ya Pwani: Tudor, Mida na Port Reitz. Yaani maji yaleyale yaliyo chini ya Chaani, yenye mikoko, kaa na kamba, yalichotwa, yakachujwa, na plastiki ikapatikana.

Nyuzi hizo zinatoka wapi? Anza na karai la kufulia. Jezi ya timu yako, suruali ya spoti, abaya ya poliesta, blanketi la manyoya kutoka mtumba wa Kongowea, zote ni plastiki iliyosokotwa. Kila ukizifua zinapukutika. Utafiti wa Plymouth wa mwaka wa 2016 ulikadiria kwamba kilo 6 za nguo za akriliki zikifuliwa kwa mashine mara moja zinaweza kuachia zaidi ya nyuzi 700,000. Leso ya pamba ya bibi haina kesi hiyo.

Chanzo cha pili kinapita mbele ya nyumba usiku na mchana. Matairi ya trela. Mtu yeyote wa Changamwe, Magongo au Port Reitz anajua foleni ya malori ya makontena. Tairi haliishi kwa miujiza. Linasagika kidogo kidogo barabarani, na mvua ikinyesha ule unga mweusi unaingia mtaroni kisha baharini. Shirika la kimataifa la uhifadhi, IUCN, lilikadiria mwaka wa 2017 kwamba katika maikroplastiki zinazoingia baharini zikiwa tayari ni vumbi au nyuzi, nguo zinachangia asilimia 35 na matairi asilimia 28. Weka makadirio hayo ya dunia juu ya mtaa ulio kati ya bandari, uwanja wa ndege na barabara ya malori, halafu fikiria mwenyewe.

Hapo ndipo utaona kwa nini marufuku ya mifuko ya plastiki ya Agosti 28, 2017, yenye faini ya hadi Sh4 milioni, ilisaidia lakini haikumaliza. Ilikamata mfuko wa sokoni. Haikugusa jezi wala tairi.

Mwanga unavyokata mnyororo

Sasa ile dawa. Mwaka wa 1972 Wajapani wawili, Akira Fujishima na Kenichi Honda, walichapisha kwenye jarida la Nature kitu kilichoshangaza wengi: ukimulika titaniamu dioksidi iliyo ndani ya maji, mwanga unaweza kusaidia kuyapasua maji yenyewe. Titaniamu dioksidi si kitu kigeni. Ndiyo inayofanya rangi ya ukuta iwe nyeupe pepe, na imo kwenye losheni za kukinga jua.

Mambo yanakwenda hivi. Mwanga wenye nguvu ya kutosha ukiupiga unga huo, elektroni inarushwa kutoka mahali pake. Fikiria makanga aliyerushwa nje ya matatu: nafasi yake mlangoni inabaki wazi, na yeye mwenyewe anahangaika kutafuta pa kudandia. Ile nafasi wazi inanyang'anya elektroni kutoka kwa maji, na makanga wetu anadandia oksijeni. Kutokana na vurugu hiyo zinazaliwa radikali huru, kemikali zenye hasira zinazoishi kwa muda mfupi mno lakini zinang'ata chochote kilicho karibu.

Plastiki ni mnyororo mrefu wa kaboni. Radikali zinaukata mnyororo huo pingili kwa pingili, na kazi ikifika mwisho kabisa kinachobaki ni kaboni dioksidi na maji. Unga wenyewe hauliwi. Unachochea kazi tu, ndiyo maana huitwa kichocheo.

Kwa nini lazima uwe nano? Kwa sababu kazi yote inafanyika juu ya ngozi ya kichocheo. Chukua kipande cha mchemraba chenye upana wa sentimita 1. Ngozi yake yote ni sentimita 6 za mraba. Kikate kiwe vijipande vya nanomita 10, na jumla ya ngozi inafika mita 600 za mraba, kubwa kuliko uwanja wa basketboli. Uzito ni uleule, ila uwanja wa kufanyia kazi umekuwa mara milioni moja.

Soma namba kabla ya kushangilia

Matokeo ya maabara ni mazuri kweli. Mwaka wa 2020 watafiti nchini China waliripoti kwenye jarida la iScience kwamba utando wa titaniamu dioksidi ulimaliza asilimia 98.4 ya chembe za polistairini kwa saa 12. Noma, si ndiyo?

Tulia kwanza. Chembe hizo zilikuwa na upana wa nanomita 400. Kipande cha plastiki cha milimita 5 ni kipana mara 12,500 kuliko hicho. Na taa iliyotumika ilikuwa ya miale ya urujuanimno, ile miale inayobabua ngozi na kupausha mabango. Katika mwanga wa jua, miale hiyo ni kama asilimia 5 tu. Jua la Mombasa ni kali, sawa, lakini sehemu kubwa ya ukali huo titaniamu dioksidi ya kawaida haiwezi kuitumia.

Wengine wakajaribu njia tofauti. Kundi la watafiti wa Stockholm, Uswidi, lilitumia vijiti nano vya oksidi ya zinki vinavyofanya kazi hata kwa mwanga wa kawaida unaoonekana. Mwaka wa 2019 waliripoti kwamba plastiki laini ya aina ya mifuko ilianza kuchakaa na kupasuka baada ya saa 175. Kuchakaa, si kuisha. Mwaka wa 2021 wakaripoti hatua kubwa zaidi: walipitisha maji yenye chembe za polipropilini kwenye nyuzi za kioo zilizopakwa oksidi hiyo, na baada ya wiki mbili ujazo wa chembe ulikuwa umepungua kwa asilimia 65.

Hapa piga hesabu kidogo. Mpira ukipoteza asilimia 65 ya ujazo wake, upana wake unapungua kwa kama asilimia 30 tu. Yaani baada ya wiki mbili chembe bado ipo, imekonda. Na hilo ndilo jambo ambalo video hazikwambii: kazi ikiachwa katikati, plastiki kubwa inageuka ndogo, na ndogo inageuka nano. Kadiri inavyokuwa ndogo ndivyo inavyopenya zaidi kwenye miili ya viumbe. Dawa ya nusu dozi inaweza kuwa mbaya kuliko kutotibu.

Na suala la mwili si la kubahatisha tena. Machi 2024 jarida la madaktari la New England lilichapisha utafiti wa Italia uliofuatilia wagonjwa 257 waliofanyiwa upasuaji wa mishipa ya shingo. Zaidi ya nusu yao walikuwa na plastiki ndani ya mafuta yaliyoziba mishipa. Hao ndio waliopata mshtuko wa moyo, kiharusi au kufariki mara nne na zaidi kuliko wenzao wasio nayo. Utafiti huo haukuthibitisha kwamba plastiki ndiyo iliyosababisha. Lakini unatosha kutufanya tuache kulichukulia jambo hili kama hadithi ya kasa na nyangumi pekee.

Usimwage horini

Basi mtu atasema: si tununue huo unga tuumwage Port Reitz, jua lifanye kazi? Hapana, na sababu ni nne.

Kwanza, maji ya hori ni ya tope. Mwanga haufiki chini, na kichocheo bila mwanga ni unga tu. Pili, chumvi. Kloridi iliyo kwenye maji ya bahari inazinasa zile radikali kabla hazijaifikia plastiki. Tatu, radikali hazichagui. Horini kuna majani yaliyooza, mafuta, kinyesi na mwani. Zitang'ata hivyo vyote kwanza, ilhali plastiki ndiyo ngumu kuliko vyote. Tena vumbi la tairi ni jeusi tititi, limejaa masizi ya kaboni yanayonyonya mwanga. Nne, unga wa nano ukishamwagika hauukusanyi tena, na oksidi ya zinki ikiyeyuka inaweza kudhuru viumbe wa majini. Utakuwa umeondoa uchafu mmoja kwa kuweka mwingine.

Ndiyo maana watafiti makini hawazungumzii kumwaga. Wanazungumzia kubandika: kichocheo kinashikizwa kwenye kioo, matundu ya chuma au vigae, halafu maji yanapitishwa juu yake. Na maji hayo yanapaswa kuwa yameshachujwa.

Basi iwekwe wapi?

Hapa ndipo mjadala unapaswa kuhamia Mombasa. Magharibi ya jiji, upande huu wa Changamwe, tuna mtambo wa kusafisha maji taka wa Kipevu. Shirika la Afya Duniani, WHO, lilisema katika ripoti yake ya Agosti 2019 kwamba usafishaji wa maji taka unaweza kuondoa zaidi ya asilimia 90 ya maikroplastiki. Bila nano yoyote. Ni matangi ya kutuliza tope, vichujio na bakteria, teknolojia ya tangu enzi za babu.

Kwa hivyo mpangilio wenye akili ni huu: mtambo wa kawaida unashika zile asilimia 90, kisha kichocheo cha mwanga kinawekwa mwisho wa bomba kushughulikia chembe ndogo zilizoponyoka, kwenye maji ambayo sasa ni meupe na mwanga unapenya. Kingine ni tope lenyewe. Plastiki iliyoshikwa haijatoweka, imehamia kwenye tope, na tope hilo likipelekwa shambani mchezo unaanza upya.

Lakini mtambo unasafisha maji yanayoufikia tu. Sehemu kubwa ya Mombasa bado inategemea mashimo ya vyoo na septiki, na maji ya kufulia yanamwagwa uani au mtaroni. Maji ya karai la Chaani yakiingia mtaroni badala ya bomba la maji taka, hata ukifunga Kipevu kichocheo bora kuliko vyote duniani, nyuzi za jezi yako zitafika horini vilevile. Tatizo la kwanza ni bomba.

WHO ilisema jambo lilelile kwa lugha ya kidiplomasia: ukimaliza tatizo la kinyesi kwenye maji, unapunguza na maikroplastiki hapohapo. Kwa mtaa ambao watu wananunua maji kwa mtungi wa lita 20 kutoka kwa mkokoteni au kusubiri boza, hiyo ndiyo hesabu. Kipindupindu hakisubiri nano.

Kuna mahali pengine panapofaa kuanzia, tena kwa gharama ndogo: kufulia kwa wingi. Hoteli, hospitali na maduka ya dobi yenye mashine yanatoa maji mengi yenye nyuzi kutoka bomba moja. Kichujio cha kawaida hapo kinazishika kabla hazijatawanyika. Kichocheo kinaweza kufuata nyuma yake kwa majaribio, mahali panapopimika.

Titaniamu yetu ilikwenda wapi?

Kuna kichekesho kichungu katika hadithi hii. Malighafi ya titaniamu dioksidi ilikuwa inachimbwa jirani tu. Kuanzia 2013 hadi Desemba 2024, kampuni ya Base Titanium ilichimba ilmenaiti, rutaili na zirkoni kule Kwale, na kusafirisha kupitia gati lake la Likoni. Rutaili yenyewe ni titaniamu dioksidi ya asili. Ilmenaiti ndiyo inayochakatwa kuwa ule unga mweupe. Meli zilibeba mchanga, unga ukatengenezwa kwingine, kisha ukarudi nchini ndani ya ndoo za rangi.

Mgodi umefungwa. Kwa takriban miaka 11 titaniamu ilitoka Pwani kama mchanga. Sasa tunaambiwa tusubiri teknolojia ya titaniamu kutoka nje. Vijana wa kemia na uhandisi wa Chuo Kikuu cha Kiufundi cha Mombasa pale Tudor, au wa Chuo Kikuu cha Pwani kule Kilifi, hawahitaji kibali cha Stockholm kujaribu kichocheo kilichobandikwa kwenye kigae chini ya jua la Changamwe, kwa maji halisi ya Kipevu. Majaribio mengi hufanywa kwa maji safi ya maabara. Anayeyafanya kwa maji machafu ya kweli anajibu swali ambalo wenzake wamelikwepa. Wanachohitaji ni pesa ya utafiti, vipimo, na mlango wa mtambo kufunguliwa.

Pwani ina ushahidi kwamba mawazo ya hapa yanaweza kusikika. Mwaka wa 2018 mafundi wa Lamu waliizindua Flipflopi, jahazi lililoundwa kwa plastiki iliyookotwa, na mwanzoni mwa 2019 likasafiri hadi Zanzibar. Halikusafisha bahari, lakini liliufanya ulimwengu utazame.

Nani alipe?

Hatari kubwa ya teknolojia hii si ya kikemia, ni ya kisiasa. Ukisema kuna unga unaokula plastiki, mwenye kiwanda cha plastiki anapumua. Kwani apunguze uzalishaji wa nini, si itasafishwa? Machi 2022 dunia ilikutana Nairobi ikakubaliana kuandika mkataba wa plastiki. Busan, mwishoni mwa 2024, mazungumzo yalikwama. Geneva, Agosti 2025, yakakwama tena. Mvutano mkubwa ulikuwa huohuo: mataifa mengi yanataka uzalishaji upunguzwe, ilhali nchi kubwa za mafuta zinataka tuzungumzie taka tu.

Hapa nyumbani, sheria ya usimamizi endelevu wa taka ya mwaka wa 2022 inamtaka anayeleta bidhaa sokoni awajibike hadi mwisho wa maisha ya bidhaa hiyo. Wajibu huo usiishie kwenye chupa. Matairi na nguo za poliesta nazo zina mwenyewe.

Na sisi wa upande huu tuna sababu ya kudai vipimo kabla ya ahadi. Jirani zetu wa Owino Uhuru kule Mikindani waliishi na kiwanda cha kuyeyusha betri kilichowatilia sumu ya risasi. Julai 2020 mahakama iliamuru walipwe Sh1.3 bilioni, na ikawabidi wapande hadi Mahakama ya Juu, iliyoirejesha fidia hiyo mwishoni mwa 2024. Kiwanda hicho nacho kilikuwa kikichakata taka.

Kwa hivyo siku mtu akija Chaani na mtambo unaong'aa, akiahidi kwamba mwanga utakula plastiki, kuna maswali manne ya kumuuliza barazani. Umejaribu kwa maji gani, ya maabara au ya mtaro wetu? Plastiki imeisha kabisa au imekonda tu, na nani amepima kinachobaki? Unga wako umebandikwa au unatoka na maji? Na pesa hizi zingejenga mita ngapi za bomba la maji taka?

Akijibu yote manne kwa namba, mkaribishe na umwonyeshe njia ya Kipevu. Akianza kukuonyesha video, muulize hilo la nne tena.